Simenti ya Maman Godelive

Kadutu, Bukavu, tarehe 16 Aprili 1978

Tonton mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla ya yote nauliza macho yako: je, yanasikia dawa za madaktari wa Katana? Huku tuko wazima. Maman anakohoa asubuhi kwa sababu ya baridi ya mvua, lakini akianza kusema, kikohozi kinamwachia nafasi.

Shule yetu inapanda. Unakumbuka wazazi wa kartie, mtaa mzima, walinichagua niongoze komite ya ujenzi, kwa kuwa mimi ni mwalimu na wewe, mjomba wangu, ulisimamia majengo ya serikali maisha yako yote. Kuta za madarasa mawili zimepita madirisha. Wakubwa wa zone, serikali ya hapa, wameahidi kuja kufungua shule mwisho wa Agosti.

Tulipata shida moja, lakini imekwisha. Mvua za Machi ziliingia katika depo ya vifaa, na simenti yetu karibu yote iliganda ndani ya mifuko kama mawe. Mjini simenti haionekani, na ikionekana bei yake haishikiki. Komite ilikutana kutafuta njia. Ndipo Maman akasimama: "Sisi bamama tunatwanga muhogo kila siku. Tutashindwa na haka kajiwe?"

Wamama wa parokia walikuja na vinu. Walitwanga, wakachekecha, wakaimba. Unga ulitoka laini kuliko ule wa dukani. Gaston, fundi wetu wa kujenga, alimimina nao linto zote, zile boriti za betoni zinazokaa juu ya milango na madirisha. Hatukununua hata mfuko mmoja! Kila mtu anamwita Maman "injenieri".

Nakuandikia hasa juu ya bati: tupake rangi kabla ya kupandisha, ao baada?

Mutoto wako,
Bibiane

*

Katana, tarehe 23 Aprili 1978

Mwanangu Bibiane,

(Ofisi zinataka jina la kiasili siku hizi badala ya la ubatizo, lakini mimi nilikuwa kanisani siku ulipopewa hili.) Barua yako imefika kwa mkono wa Xavier, dereva wa kamyo. Macho yanasaidia kusoma maandishi makubwa, na yako ni makubwa, asante. Mwambie dada yangu anywe maji ya tangawizi.

Swali la rangi nitalijibu siku nyingine. Leo nieleze simenti, na unisikilize kama unavyotaka wanafunzi wako wakusikilize.

Simenti si unga. Inafanana na unga kwa macho tu. Nguvu yake ni kazi inayofanya inapokutana na maji, na kazi hiyo inaifanya mara moja. Chukua bugali ya jana iliyokauka. Unaweza kuitwanga ikawa unga tena, na laini kabisa. Uitie katika maji ya moto, uikoroge: utapata uji mchafu, hutapata bugali. Simenti yenu ilipikwa na mvua ya Machi ndani ya mfuko. Wamama walitwanga kitu kilichokwisha kuiva. Vidonge vinavyovunjika kati ya vidole viwili si kitu, simenti hiyo bado inafaa kwa kazi ndogo. Lakini kile kinachohitaji kinu, kimekufa.

Usiniamini kwa sababu mimi ni mzee. Chukua msumari, ukwaruze linto moja. Betoni nzuri ya wiki tatu inang'aa na kuukataa msumari. Na kama kuna linto ambayo haijapandishwa, iweke juu ya mawe mawili, upange matofali juu yake kama ukuta utakavyokaa. Watu wasimame mbali.

Mlango wa shule si mlango wa nyumba. Watoto hupita pale wote kwa pamoja.

Tonton wako,
Tambwe

*

Kadutu, tarehe 14 Mei 1978

Tonton,

Amani iwe kwako. Sisi tuko wazima kidogo.

Nilisoma barua yako mbele ya komite. Gaston alicheka: "Tonton yako iko na macho ya namna gani? Anaenda kwa munganga sababu hayaone, kumbe anaona simenti toka Katana!" Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa aibu.

Maman hakucheka. Nyumbani aliniuliza: "Mimi nilitwanga, mikono ikatoka malengelenge, na ni wewe njo utavunja?" Tangu siku ile ananipa chakula bila kuniangalia. Tonton, unamjua. Tangu Papa afariki, ni mara ya kwanza kuona watu wanamsimamisha njiani kumpongeza.

Linto moja bado iko chini, lakini sikuijaribu. Je, hatuwezi kuweka nguzo ya mti chini ya kila linto, angalau mpaka wakubwa waje na waende?

Mutoto wako,
Bibiane

*

Katana, tarehe 21 Mei 1978

Mwanangu,

Mimi ni mzima, na nafurahi kwamba macho yangu yamechekesha komite nzima. Gaston ana haki ya kucheka. Mwambie tu aijibu linto, asinijibu mimi.

Nguzo ya mti ni kitu cha fundi, inakaa siku chache akiwa pale mwenyewe. Shuleni, mwezi wa kwanza watoto wataizunguka wakicheza. Mwezi wa pili mtu atakuwa na matanga, atahitaji mti wa kusimamisha hema, na atasema ataurudisha kesho. Nimeona majengo mengi yaliyosimama juu ya hiyo kesho.

Najua hofu yako nyingine: simenti mpya itatoka wapi? Watu wengi, fedha zikipungua, wanapunguza nguvu ya jengo na kuacha ukubwa wake kama ulivyochorwa. Fanyeni kinyume. Punguzeni ukubwa. Malizeni darasa moja, liwe zima toka msingi mpaka bati. La pili libaki kuta, mzifunike juu kwa majani ya migomba, lisubiri mwaka mwingine. Watoto watasoma kwa zamu, asubuhi na mchana. Darasa likichelewa, bado linaweza kujengwa.

Juu ya dada yangu sina ufundi. Tulipokuwa wadogo nilimweleza kwa nini mbuzi wake amekufa, na hakusema nami mpaka mavuno.

Tonton wako,
Tambwe

*

Katana, tarehe 16 Julai 1978

Mwanangu Bibiane,

Nawasalimu nyote. Sijapata barua tangu Mei. Xavier anasema anakupungia mkono barabarani na wewe unaangalia chini.

Sitaandika tena juu ya simenti. Nauliza neno moja: watoto wameingia?

Tonton wako,
Tambwe

*

Kadutu, tarehe 13 Agosti 1978

Tonton mpenzi,

Nisamehe ukimya. Tuko wazima, na watoto hawajaingia.

Tulikuwa tumenunua chokaa ya kupaka. Nilikwenda shantie, pale tunapojenga, kuonyesha wapakaji waanzie wapi, na nikakumbuka msumari wako. Nilisimama mlangoni, nikakwaruza. Vumbi lilishuka likajaa katika nywele zangu. Nilikwaruza tena, likashuka tena. Niliwaambia wapakaji warudi nyumbani.

Jumapili baada ya misa niliwaita wamama wote waliotwanga. Niliona si haki wasikie habari kwa Gaston. Tuliweka ile linto ya chini juu ya mawe mawili. Maman alisukuma watu pembeni: "Muniachie. Kama iko mubaya, nitaona mimi mwenyewe." Akaanza kupanga matofali. Mama Emérence, mmoja wa waliotwanga, akamtania: "Godelive, polepole, hayo si masahani ya harusi!" Watu walicheka. Hata Maman alicheka.

Hakumaliza mstari wa pili. Linto ilipinda kwanza, kisha tumbo lake likaanguka lote kwa vipande, vyuma vya ndani vikabaki peke yake, vimelegea na kupinda kama kamba ya nguo. Hakuna aliyeumia. Gaston alivua kofia.

Maman aliinama, akaokota kipande, akakibonyeza kwa vidole. Akasema, "Na tulitwanga muzuri."

"Muzuri sana," Mama Emérence akajibu. "Hata muhogo ya harusi yangu sikutwanga vile."

Linto zote zimeshushwa. Tunamaliza darasa moja, kama ulivyosema. Simenti mpya imetoka ng'ambo, kidogo kidogo, na Gaston anaikagua mfuko kwa mfuko bila kucheka. Wakubwa wametuma neno kwamba watakuja wakati mwingine. Katika komite wengine wanasema mwanamume asingechelewa hivi.

Maman amekaa siku nyingi bila kwenda hata sokoni. Leo asubuhi amefunga kile kipande katika kitenge, na sasa anapanda kamyo ya Xavier, ambaye nampa barua hii akupe kwanza. Anakuja kwako. Tonton, nakuomba sana: usimweleze kitu. Umupe chai tu.

Mutoto wako,
Bibiane

*

Katana, tarehe 19 Agosti 1978

Mwanangu Bibiane,

Mama yako alifika salama Jumapili ileile, bila kikohozi. Aliweka kipande mezani, kati ya sukari na vikombe. Nilikumbuka ombi lako. Nilimpa chai. Aliuliza macho yangu, nikajibu. Niliuliza safari, akajibu. Kipande kilikuwa pale. Bibiane, haikuwa rahisi kwangu.

Alipomaliza kikombe cha pili, akasema: "Kaka, mufuko ukiufungua, utajua aje kama simenti yenye iko ndani bado iko muzima?"

Nikaweka kikombe changu chini.

Alitakiwa kurudi Jumatatu. Leo ni Jumamosi, bado yuko hapa, na bado anauliza. Anasema mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na depo ihamishwe kabla ya mvua za Septemba. Anasema pia umwambie Gaston asifungue mfuko mwingine mpaka yeye arudi.

Tonton wako,
Tambwe