Mwisho wa Solo ya Baba

Ganshoren, Jumapili mchana

Mdogo wangu Donatien,

Kosa wanalofanya wengi wanaojifunza solo ya banjo ni kuanza mwanzoni. Leo wanaanza mwanzoni, wanakwama katikati. Kesho wanarudi mwanzoni tena. Mwanzo unalainika kama kipini cha jembe la zamani, na mwisho unabaki mgeni. Nimelitanguliza neno hili mbele ya salamu, na sababu yake utaiona.

Sasa nikusalimu. Mgongo unakuacha ulale? Umeme umerudi mtaani? Mama Furaha anaendeleaje, na Furaha mwenyewe, shule anakofundisha wanamlipa kwa wakati? Mimi nasimama na kutembea, Mungu asifiwe. Huku ughaibuni mvua haikatiki, hata ngozi ya banjo inalegea ukutani. Naisogeza karibu na radiator inayopasha chumba joto, kama Baba alivyoisogeza yake karibu na mbabula, makaa yakiwaka, ikazike kabla hajapiga.

Habari yangu ni ya msiba. Gaston amefariki. Ni yule mzee Mbelgiji, fundi mabomba mstaafu, aliyetukusanya wapenzi wa banjo kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia kule Laeken. Tunapiga kwa mtindo wa zamani, ule ule wa Baba: nyuzi laini za nailoni, ncha za vidole tupu bila kipande cha chuma, na gumba likishuka kwenye uzi wa tano, ule mfupi.

Tuna desturi moja. Solo zilizochapwa tunagawana karatasi. Lakini ile ambayo haijaandikwa popote, mwenye nayo humchagua wa kumrithisha, wakakaa goti kwa goti, akampa kidogo kidogo. Gaston alikuwa na solo ya babu yake, na hakutaka mtu airekodi kwenye simu. Alituchagua mimi na Déo, kijana wa Bukavu anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea.

Kila nilipokosea kidole, Gaston alisema, "Tena, toka mwanzo!" Hata tukiwa tumeukaribia mwisho, toka mwanzo. Déo alinicheka:

"Papa Célestin, bon, vidole vyako vinatembea sawa mutu anatafuta sindano mu giza. Mwisho tutafika siku gani?"

"Haraka ya nini, mwanangu?" nikamjibu. "Mwisho haukimbii."

Ulikimbia. Kiharusi kilimwangusha Gaston jikoni kwake, upande wa kushoto ukafa. Tulipofika hospitalini alikuwa na kinyago cha hewa usoni na hawezi kusema. Alipoiona banjo begani mwa Déo, mkono wake wa kulia ulianza kucheza juu ya blanketi: gumba, kidole, kidole, gumba. Tukaelewa kwamba anapiga ile sehemu tusiyoijua. Tukainama, tukatazama kwa macho yote. Lakini wewe unajua, Donatien: mkono wa kulia unasema lini, wa kushoto ndio unaosema nini. Na wa kushoto ulikuwa umelala pale kama wa mtu mwingine.

Déo alimwambia polepole kwa Kifaransa, "Tena, mzee. Toka mwanzo."

Gaston alitikisa kichwa. Akarudia mwisho. Mwisho peke yake, mara nyingi, mpaka muuguzi akamshika mkono akautuliza.

Hatukumkuta hai tena. Kwenye maziko mjane wake alituomba tupige ile solo. Tulipiga hadi tunapojua, tukanyamaza. Watu walingoja. Mjane akaniinamia, akauliza, "Ndiyo imekwisha?"

"Hapana, Madame. Ndipo tunapofika sisi."

Tulipotoka, Déo hakunitania. Alisema tu, "Papa, huyu muzee alituingiza mu nyumba, na njia ya kutokea akaenda nayo." Tukapanda tramu.

Sasa nakuja kwako. Mama Furaha ameniambia kwamba mkono wako wa kushoto unatetemeka, unamwaga chai, na kwamba banjo umeipandisha juu ya kabati. Usimkasirikie. Nilipokuuliza kwa simu, mimi kaka yako mkubwa, ulisema, "Réseau ni mbaya, Yaya," ukasingizia mtandao, ukakata. Ndiyo maana nakuandikia, barua haikatiki. Nilimuuliza Déo kuhusu mtetemeko wa namna hiyo, maana anaishi nao kila siku kazini. Hakunificha, nami sikufichi: dawa huupunguza kwa muda, lakini mara nyingi haurudi nyuma.

Solo aliyoitunga Baba ina sehemu tatu. Mbili za kwanza alitufundisha sote wawili, pale uani, cherehani ya kazi yake ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Ya tatu aliitunga nilipokuwa shule ya bweni, akakufundisha wewe, halafu akafa. Hakuna mwingine anayeijua. Ukinitumia sauti kwa simu, maana video mtandao wenu hauibebi, nitashukuru, lakini haitoshi: nitasikia noti, sitaona kidole. Noti moja ina makao mengi kwenye shingo ya banjo, na Baba alikuwa na yake.

Furaha ameshika sehemu mbili, vizuri kuliko mimi. Nilimuuliza kwa nini hajafika ya tatu. Akaniambia, "Papa mukubwa, kila siku Papa anasema mwanzo yangu haiko safi." Niliposikia hivyo nilikumbuka ile "toka mwanzo". Nilimwona Gaston.

Mdogo wangu, mwanzo hautakuwa safi kamwe. Hata wa Baba haukuwa safi. Alikuwa akikohoa katikati. Najua pia ni vigumu binti yako aone mkono wako ukitetemeka. Acha aone. Kidole kinachotetemeka bado kinaonyesha mahali, cha Gaston hakikuonyesha kitu.

Nisalimie Mama Furaha, na shangazi yetu wa Likasi, ambaye bado ananiombea kama mtoto wa komunyo. Mpe pole katekista aliyemzika Baba; nimesikia macho yake yamezimika. Msalimie fundi viatu wa kona yenu, mwambie viatu vyake bado navivaa, hata kwenye matope ya makaburini havikuingiza maji.

Barua hii ameibeba mtu wa kwetu anayesafiri. Atakupa mkononi, pamoja na seti ya nyuzi.

Ni mimi, yaya wako,
Célestin

Leo hii, ukimaliza kusoma, shusha banjo, mwite Furaha, umfundishe mwisho kwanza.