Ekzosi Mbili na Mikarafuu ya Mgogoni

Wawi, Pemba
12 Agosti 2024

Mume wangu Haitham,

Assalaam alaykum. Huku sote hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako Bi Mwanapili presha imeshuka na ulimi umerudi kazini. Ghada ameota jino la mbele. Mimi mzima. Tunayemfikiria ni wewe na jua la Maskati.

Sasa keti kwanza. Pikipiki yako imeanguka. Masoud alikuja Ijumaa kuiwasha kama ulivyomwagiza, akaiegesha penye mchanga laini, ikalala ubavu juu ya jiwe la kufulia. Tangi halina hata mkwaruzo, lakini ekzosi imebonyea na moshi hautoki vizuri. Nduguyo alikaribia kulia. Nikampa chai.

Fundi Kificho wa Chake anasema ile hainyooki, inatakiwa nyengine. Anazo mbili zinazoingia kwenye pikipiki kubwa kama hiyo. Moja ni ndefu, ndani ina kizuizi na pamba ya kumeza sauti, inaguna tu kama mzee aliyekatizwa usingizi. Ya pili ni fupi, ndani tupu, na siku alipoiwasha kuku wa mtaa mzima walikimbia. Tena hiyo fupi inatema moto karibu na mguu, mwenye nguo ndefu ataunguza pindo. Mimi naona tuchukue ile ndefu, lakini pikipiki ni yako, nangoja neno lako.

Jengine, naomba ruhusa. Karafuu za shamba la marehemu baba kule Mgogoni zimeiva na wezi wameanza. Wiki iliyopita nimekuta matawi yamevunjwa, mti mzima umechumwa. Ile miti ndiyo kitu pekee alichoniachia baba, na roho inaniuma. Nataka niwe nakwenda kila inapobidi, si Jumamosi peke yake.

Mkeo,
Asma

*

Maskati
25 Agosti 2024

Mke wangu Asma,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nimefurahi kusikia mama ni mzima. Mwambie dawa zake asizigawe kwa wageni. Mimi hali ni njema, kazi ya winchi ni ileile, napanda asubuhi nashuka magharibi.

Habari ya pikipiki imenikata maini. Nimeipanda siku tisa tu kabla ya kurudi huku! Masoud mwambie nitamkuta.

Kuhusu ekzosi, chukua ile fupi. Pikipiki ya namna ile, ya kukaa umeegama na mikono mbele, bila sauti ni kama harusi bila ngoma. Sitaki mambo ya kuguna.

Lakini nakuuliza, mke wangu. Tangu lini wewe unajua kizuizi na pamba ya ndani? Ulikuwa huwezi kutofautisha plagi na mshumaa. Na huyo mwenye nguo ndefu atakayeunguza pindo ni nani? Mimi kanzu navaa Ijumaa, na siku hiyo nakwenda msikitini kwa miguu.

Mgogoni nenda. Ruhusa nimekupa, kila inapobidi.

Mumeo,
Haitham

*

Wawi
6 Septemba 2024

Mume wangu,

Salamu zikufikie popote ulipo, juu ya winchi au chini. Sisi wazima. Jino la Ghada limefuatwa na jengine na sasa anauma watu.

Umeniuliza nimejulia wapi mambo ya ekzosi. Nimekaa saa mbili kwenye benchi la fundi Kificho na mama yako ubavuni mwangu, nikauliza. Mtu akiuliza anaambiwa. Nikamwomba aziwashe zote mbili, moja baada ya moja. Ile fupi iliponguruma, Bi Mwanapili alishika kifua akasema, "Astaghfirullah, yakhe! Ati hii ndiyo atakayoipenda mwanangu?" Fundi mwenyewe anasema nyumba yenye mgonjwa wa presha haifai kitu kile. Ameniazima ile ndefu, ameifunga, mpaka utakapoamua upya.

Na mimi nina langu la kuuliza. Wewe uko Maskati na miezi kumi na mitatu imebaki. Pikipiki inawashwa Ijumaa, robo saa, ndani ya ua. Hiyo sauti unayoitaka sana, nani aisikie? Kama kuna harusi unayoipanga huko na unataka uingie Wawi kwa kishindo na bibi harusi nyuma, niambie mapema nipike.

Karafuu zinakwenda vizuri. Tangu ruhusa yako ifike hakuna aliyegusa mti.

Mkeo,
Asma

*

Maskati
28 Septemba 2024

Mke wangu Asma,

Assalaam alaykum. Natumai mko salama na mama anapumzika.

Hakuna harusi. Mke mmoja ananitoa jasho, wa pili nitamweka wapi?

Ndani ya boksi alilokuletea Thabit, yule anayesafiri huku na huko kila mwezi, kuna ekzosi. Nimeinunua mwenyewe, ni fupi na ni nzito kuliko ya Kificho. Nataka ifungwe kabla ya Ijumaa ijayo, ile ya kuazima irudishwe. Umeniuliza nani aisikie. Majirani waisikie. Pikipiki mpya, mwenyewe hayupo, nyumbani wanawake watupu. Mwizi akiitoa ukumbini na iwe kimya, mtaamka mkute alama za matairi. Ikiwa na sauti, mtaa mzima utajua imetoka. Sababu ni hiyo, na sitaki tuandikiane tena juu yake.

Mama nimemtumia pamba za masikioni.

Mumeo,
Haitham

*

Wawi
20 Oktoba 2024

Mume wangu,

Salamu nyingi. Tuko hai.

Imefungwa. Pamba za masikio mama amempa Ghada achezee.

Mgogoni wezi wamerudi. Miti minne katika wiki mbili, na safari hii wanachagua ile iliyozaa zaidi. Nikifika nakuta majani mabichi chini na vikonyo vimemwagwa, na utomvu kwenye tawi lililovunjwa haujakauka. Watu wametoka pale muda huohuo. Nimewauliza wachumaji, kila mtu anamtazama mwenzake. Sasa nimeanza kumshuku hata anayenipa maji ya kunywa, na sikupenda kuwa mtu wa namna hiyo.

Niombee dua.

Mkeo,
Asma

*

Maskati
10 Novemba 2024

Asma,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Nakuandikia nikiwa na jambo kifuani na sitalizungusha.

Pikipiki yangu imetoka Jumanne tarehe 22 baada ya alasiri. Imetoka Alhamisi ya wiki ile saa tatu asubuhi. Imetoka tena Jumanne iliyofuata, ikarudi karibu na magharibi. Usinambie imewashwa uani. Imesikiwa ikipita mbele ya barza na kushika njia kubwa.

Nimempigia Masoud. Ameapa kwa Mungu hajaipanda na namjua ndugu yangu, kuapa uongo hawezi. Basi ni nani? Siku zote hizo wewe uliniambia kwa simu ulikuwa Mgogoni. Mimi si mtoto. Nimeziweka siku zangu na siku zako pamoja na zimelingana.

Utaniuliza nimejuaje. Nimejua. Hafidh wa mlango wa pili ni rafiki yangu tangu chuoni, kila siku yuko barzani na masikio anayo. Nilimwomba anisikilizie na ananipigia. Hana sababu ya kunidanganya.

Nataka jina la mwanamume anayekupakia kwenye pikipiki yangu. Usimwambie mama.

Haitham

*

Wawi
19 Novemba 2024

Haitham,

Waalaykum salaam. Mama yako yuko ubavuni mwangu na nimemsomea barua yako yote, neno kwa neno. Hilo la kumficha limenishinda.

Jina umelitaka, lichukue. Anaitwa Asma binti Khatib.

Mimi ndiye ninayeipanda. Nimejifunza mwezi wa saba, kwenye uwanja wa mpira, jioni. Masoud akinielekeza, Bi Mwanapili amekaa kitini na Ghada mapajani, anapiga kelele "Shika breki, we mwana!" hata nilipokuwa nimesimama. Ulimuuliza nduguyo kama ameipanda. Hakuipanda. Hukumuuliza nani. Na mwenye nguo ndefu uliyemtafuta ni mimi, buibui nalikunja na suruali nimevaa ndani. Siku ile ilipoanguka juu ya jiwe, aliyeiangusha ni mimi, Masoud alinibebea lawama.

Kosa langu nalikubali. Ningekwambia mwanzo. Niliogopa utasema hapana, na kwa gari za abiria nafika Mgogoni saa sita mchana, wachumaji wameshachoka na wezi wameshashiba. Kwa pikipiki nafika kwa nusu saa, wakati wowote, hakuna anayejua ninakuja. Ndiyo sababu niliitaka ile ya kimya. Wiki zote nilizokuwa nayo sikuibiwa hata kikonyo. Ulipoleta yako, wakaanza upya. Mtu anasikiwa toka mbali, nani atamngoja juu ya mti?

Lakini kosa langu halifanani na lako. Wewe uliniambia sauti ni kwa ajili ya mwizi wa pikipiki. Kumbe mwizi ni mimi. Umenivisha njuga kama mbuzi, ukamweka mtu barzani asikilize ikilia. Miaka saba nimekaa katika nyumba yako, Haitham. Nililia, na sikulia mbele ya mama yako, nililia jikoni.

Ekzosi yako nimeifungua. Thabit anakuletea pamoja na barua hii. Ile ndefu ya Kificho nimeinunua, ipo kwenye pikipiki.

Mkeo,
Asma

*

Maskati
30 Novemba 2024

Asma,

Ekzosi imefika. Nairudisha kwa Thabit yuleyule.

Mke wangu hapandi pikipiki njiani watu wakamtazama. Ruhusa niliyokupa ni ya kwenda Mgogoni, si ya hayo. Na Hafidh humjui, unamsema bure. Ni mtu pekee huko aliyeniambia ukweli, wengine wote mlikula njama, hata mama yangu mzazi. Hapa kambini nimeona waliochekwa kwa habari za wake zao. Mimi sitakuwa mmoja wao.

Funga hiyo ekzosi. Mpaka Hafidh anambie ameisikia, sitaandika na simu yako sitapokea.

Haitham

*

Wawi
17 Desemba 2024

Mume wangu Haitham,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mama yako mzima, Ghada mzima, anasema "baba" anapoona picha yako na pia anapoona ya waziri gazetini. Mimi nimechoka lakini nimetulia.

Boksi limefika, sijalifungua. Kabla hujakasirika, soma.

Jumatano iliyopita nilitoka saa tatu asubuhi kwa ile ndefu. Hafidh alikuwa barzani, amempa mgongo muuza kahawa, anacheza keramu. Nilipita nyuma yake taratibu, hakugeuka. Nikafika Mgogoni, nikaizima kabla ya kona, nikaisukuma. Kwenye mstari wa tatu, ule mti mkubwa aliokuwa akiusifu baba, niliona miguu ya mtu juu na pakacha linaning'inia limejaa. Nikasimama chini. Nikasema, "Shuka."

Alikuwa mdogo wake Hafidh, yule anayekaa Mgogoni. Alitazama chini, akatazama njia, akanitazama tena mimi. Hakusema samahani. Alisema, "Ala! Mbona Hafidh hajanambia kama ushatoka?"

Wachumaji wote walisikia. Sheha aliitwa, akamtaka simu, akaifungua mbele ya watu. Jumanne ya tarehe 22 ipo. Alhamisi ipo. Jumanne iliyofuata ipo. Rafiki yako akiisikia pikipiki inatoka, alikuwa anapiga simu mbili, moja kwako na moja kwa nduguye ashuke mtini. Ikirudi Wawi anapiga tena, apande. Sauti aliisikia kweli, hakukudanganya hata siku moja. Uliinunua wewe kwa mkono wako, na ndiyo iliyochuma miti ya baba yangu.

Jana Hafidh alikuja na mkewe, wakakaa ukumbini, wakaniomba jina lake lisifike Maskati. Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri.

Siandiki haya kukucheka. Nilikuwa na hasira, sasa nina huzuni zaidi kuliko hasira. Najua kambi ile mnalala wanane chumba kimoja na kila mmoja ana hadithi ya mke wa mwenzake, na mtu akisikia kila siku, ataanza kuhesabu siku za mkewe. Ungenambia unaogopa ningekuandikia kila wiki, hata kila siku. Kupanda pikipiki sitaacha mpaka karafuu ziishe. Mama yako amesema atakupigia mwenyewe juu ya hilo, na simu yake utapokea.

Miezi kumi imebaki. Na mimi usiku napata mawazo, unakula wapi, unazungumza na nani, kwa nini mwezi wa tano ulikaa siku kumi na saba bila kuandika. Thabit anaingia na kutoka Maskati kila mwezi, kumuuliza ni neno moja tu. Sijamuuliza, wala sijamweka mtu huko wa kunisikilizia.

Mkeo,
Asma