Binti Yangu Ananichunga Nisitoweke

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa nyumbani wameshacheka vya kutosha.

Mimi ni mwoka mikate, kazi yangu ni ya usiku, watu wakilala mimi nakanda unga na wakiamka mimi ndiyo kwanza narudi nimejaa unga hadi kwenye nyusi, nakunywa chai, naingia chumba cha nyuma chenye pazia zito, nalala mpaka jua lishuke, na maisha haya nimeyaishi tangu kabla sijaoa wala hayajawahi kumsumbua mtu. Sasa binti yetu wa darasa la tatu amepata mwalimu mpya anayewafundisha habari za wanyama walio hatarini kutoweka, na mwalimu huyu, Mungu ambariki, hafundishi kwa kitabu tu, aliwaambia kila mtoto atafute mnyama adimu anayeishi karibu na kwao, amchunguze bila kumsumbua, aandike anakula nini, analala wapi na ana dalili gani, kisha amlinde. Wenzake wakachagua kobe, popo, na mmoja akachagua kenge wa mtaroni. Binti yangu akanichagua mimi.

Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa siku moja. Nikaamka nikakuta kamba ya kuanikia nguo imefungwa kutoka kitasa cha mlango hadi mguu wa kabati, boksi la sabuni limekatwa na kuandikwa HIFADHI, USIPIGE KELELE, USIMLISHE, na mguuni kwangu pamefungwa uzi mwekundu wa sufu kwa fundo ambalo mpaka leo limenishinda. Nilipomwuliza akanijibu kwa kunong'ona, kwa sababu siku hizi haongei nami kwa sauti ya kawaida, "Hiyo ni alama, baba. Ukipotea tutakutambua." Kazini wenzangu wameuona uzi huo na sasa wananiita Twiga, jina ambalo halinifai hata kidogo kwa urefu wangu.

Kisha wakaanza kuja watoto wa mtaa, wanapanga mstari nje ya dirisha langu, binti yangu anawapandisha juu ya ndoo mmoja mmoja wachungulie, nami nikiwa nusu usingizi namsikia akiwaeleza, "Anakoroma. Akikoroma ujue ana amani. Akinyamaza, shukeni taratibu." Mama mkwe wangu naye alikuja kututembelea, akataka kupita kunisalimu, akazuiwa kwenye kamba na mjukuu wake, akaambiwa, "Samahani bibi, kwa manukato hayo huwezi kuingia, atanusa halafu atahama." Mama wa watu akarudi sebuleni, akamwuliza mke wangu kwa sauti ya chini mimi naumwa nini hasa, na kama ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mke wangu hanisaidii kabisa, anasema mwache mtoto asome, lakini namjua vizuri, tangu hifadhi ifunguliwe hakuna sufuria inayoanguka wala jirani anayepandisha redio, na yeye mwenyewe amepewa cheo cha msaidizi wa hifadhi na amekipokea kwa mikono miwili. Nami sitakuficha, mshauri, silali vibaya, nalala kama mtoto na nimeanza hata kunenepa, jambo ambalo binti ameliandika kuwa ni dalili njema.

Shida ilianza na simu. Binti yangu anasema kila mnyama adimu ana jangili wake, na jangili wangu ni bosi, kwanza kwa sababu ananipigia mchana niende kuongeza zamu, pili kwa sababu nilisimulia mezani kwamba ametuagiza tupande darini mwa kiwanda tukabomoe kiota cha bundi, na mtoto aliposikia hayo akasukuma sahani. Kesho yake simu yangu haikuonekana. Bosi alipiga mpaka akachoka, akaapa atanionyesha, na simu tukaja kuikuta ndani ya debe la mchele ikiwa imefungwa kwenye soksi.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mwalimu hajui kuwa mnyama ni mimi. Amesoma maandishi ya mtoto kuhusu kiumbe mkubwa anayetoka giza likiingia, anayerudi alfajiri akiwa na vumbi jeupe mwilini, mwenye nyayo pana na kidole kidogo kilichopinda, anayekula mkate mkavu na kuogopa kelele, akafurahi kupita kiasi, akayapeleka kwa bwana wanyamapori, na bwana wanyamapori amesema hajawahi kusikia kiumbe wa namna hiyo na atakuja shuleni Ijumaa, siku ya wazazi, watoto watakapokuwa wanasoma maandishi yao, baada ya hapo waongozane na mtoto hadi nyumbani na kizimba cha kunasia. Nikamwuliza binti, "Kwa nini usimwambie mwalimu kwamba ni baba yako?" Akaniangalia kama anamwangalia mtu asiyejua kitu, akasema, "Mwalimu alisema usitaje mnyama anapokaa, majangili watasikia."

Nikamwuliza na kwa nini alinichagua mimi wakati kuna kobe kwa jirani, akasema walikuwa watatu humu ndani, babu alikwenda (baba yangu, tulimzika mwaka jana), baba mdogo akahama, amebaki mmoja, tukacheka sana mimi na mama yake, ingawa mwenyewe hakucheka.

Sasa nifanye nini, mshauri? Nikimwambia mwalimu ukweli, binti yangu ataaibika mbele ya darasa zima, na hatanisamehe, yeye kwangu ndiye kila kitu. Nikinyamaza, Ijumaa nitatiwa kizimbani mbele ya majirani. Mke wangu anasema nijifanye nimehama.

Ni mimi, Twiga wa Kiwandani

*

Ndugu Twiga,

Ulinikataza kucheka, nikacheka. Nilicheka kwenye ndoo, nikacheka kwa mama mkwe, na kwenye soksi nikaweka barua chini nikafuta macho. Kisha nikafika mahali ulipoandika kwamba walikuwa watatu, nikaacha.

Baba wee, wewe umeandika kurasa nzima kuhusu kamba na uzi, halafu jambo zito kuliko yote ukalipitisha kwa sentensi moja, haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya shemeji aliyemkosea. Lirudie ulisome. Babu alikwenda. Baba mdogo akahama. Amebaki mmoja. Mtoto amehesabu wanaume wa nyumba yake akaona wanapungua, akamwendea mtu mzima pekee aliyekuwa anazungumzia viumbe wanaopungua, akafanya neno kwa neno alichofundishwa. Mwalimu huyo ana mwanafunzi bora kuliko anavyojua. Nyinyi wazazi mkacheka.

Simlaumu mkeo kwa kupenda nyumba tulivu, hata mimi ningekipokea hicho cheo. Namlaumu, nawe nakulaumu, kwa kuwa inaonekana babu alipofariki mlizika, mkashukuru watu kwa kuja, mkarudi kwenye mikate, na hakuna aliyekaa na mtoto akamwambia mzee amekwenda wapi na kwa nini harudi. Mdogo wako naye akabeba begi lake, na mtoto akaona ni safari ileile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ukuta wako umeshajengwa, wa kamba ya kuanikia nguo, nawe umelala nyuma yake unanenepa.

Unalalamika kwamba anakuchunga. Mtu anachunga asichokiona vya kutosha. Huyo mtoto anakujua kwa nyayo, kwa mkoromo na kwa makombo ya mkate. Ni aibu, ndugu yangu, na aibu hiyo si yake.

Sasa nisikilize, maana Ijumaa haiko mbali.

Leo hii kamwone mwalimu, uende wewe mwenyewe, usimtume mkeo. Mwambie ukweli wote, mpaka kidole kilichopinda, ili bwana wanyamapori akiache kizimba chake ofisini. Lakini yeye mwenyewe aje. Mwombe mwalimu asimsahihishe mtoto mbele ya wenzake wala asimwambie kwamba amekosea, kwa sababu hajakosea. Kama mwalimu anajua kazi yake, atakubali.

Jioni, kabla hujatoka, kaa na binti yako. Mweleze kwamba babu alikufa, tumia neno hilohilo, watoto hulibeba vizuri kuliko tunavyodhani, kinachowachosha ni "alikwenda". Mweleze wewe huendi hivyo, wewe unakwenda kazini na unarudi. Usimwahidi kwamba hutatoweka kamwe. Hakuna baba mwenye ahadi hiyo mfukoni, na ukimdanganya atajua, huyo ni mtafiti. Mwahidi unaloliweza. Unarudi alfajiri na yeye ndiyo anaamka. Mpeleke shule wewe, na unga wako kichwani, kisha ndiyo ukalale. Usiniambie umechoka. Sote tumechoka.

Halafu kuna bundi. Mwambie bosi wako kiota hakiguswi, na akikuuliza kwa nini, mwulize yeye ni nani atakayekula panya wanaotoboa magunia ya unga, au atapanda mwenyewe darini akawakamate. Huyo ndiye mnyama wa kweli mwenye jangili wa kweli, na binti yako alilijua hilo aliposukuma sahani. Mchukue jioni moja msimame uani mwa kiwanda, mtazame bundi akitoka kuwinda. Kazi ya kulinda aifanye, mtoto wa namna hiyo tunamhitaji sana, lakini mtoto mwenye baba mmoja tu wa kumchunga, usiku na mchana, atachoka mapema. Mpe bundi, nawe urudi kuwa baba.

Mama mkwe umpigie umwambie huna ugonjwa. Simu ya kazini Ijumaa iache kwenye debe la mchele, pale ni salama. Uzi usiufungue.

Ijumaa yenyewe nenda shuleni moja kwa moja kutoka kazini, usioge. Simama pale binti yako atakapokuonyesha. Akinong'ona, nawe nong'ona. Usiwachekeshe wazazi wenzako hata ukitamani sana, na bwana wanyamapori akiuliza mnyama huyu anakula nini na anaogopa nini, usijibu wewe, mwache mtoto ajibu.

La mwisho, na hili ufanye kabla hata ya kwenda kwa mwalimu. Mpigie simu mdogo wako. Yeye hakufa, alihama tu, na waliohama huwa na miguu ya kurudia. Mwambie aje Ijumaa akae kiti cha nyuma kabisa, asimsalimu mtoto mapema. Binti yako akimaliza kusoma kwamba amebaki mmoja, atainua macho. Mwacheni ahesabu upya.