Kwa Babu Tangulia, Aliyelima Kwa Wenzake Kwanza

Mwaka umetimia sasa tangu ulipofumba macho, Mzee wetu, na mwaka wenyewe tumeupita kwa hofu.

Watu walikuita Babu Tangulia. Siku ya ujima ulisema, "Tangulieni, nakuja," nao wakifika shambani wanakukuta umeshamaliza tuta zima, umekalia mpini, unawauliza kama walipitia harusini. Fundi cherehani alipovunjika mguu ulilima kwake kwanza, kwako mwisho. Mkeo akanuna. Ukamwambia taratibu, "Mama watoto, njaa ya jirani haikawii kubisha hodi kwetu."

Hapa kwetu mwenye kutaka ujima huegemeza jembe nje, kando ya mlango. Wapitao wakiliona wanajua nyumba hii imo kwenye zamu ya kulimiana. Tulipotoka kukuzika, mkeo alilichukua jembe lako akaliingiza uvunguni mwa kitanda, lisiibwe. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Msimu ukafika. Kila alfajiri miguu ilikuja, ikafika mlangoni, sauti zikashuka, ikapita. Mkeo alikaa ukingoni mwa kitanda, hathubutu hata kukohoa. Aliona tayari tumehesabiwa nyumba isiyo na mikono. Na kwenda kuomba aliogopa, maana nani amlimie bibi ambaye hawezi kurudisha hata tuta moja? Magugu yakafika kiunoni, mvua ikaanza, na mbegu tulizoweka tukaanza kuzila, leo kibaba, kesho kibaba. Tumbo halina subira.

Binti yako alipokuja kututazama kutoka kwa mumewe, akauona mtungi wa mbegu umefika nusu, alilia. Ndipo mkeo akajikaza, akaenda kwa fundi cherehani. Fundi aliacha kushona.

"Bibi, jembe si mliliingiza ndani? Tukajua mmejitoa. Nani angethubutu kumwuliza mfiwa?"

Kumbe walikuwa wanatuogopa sisi.

Walikuja wote, shamba likalimwa siku moja. Mkeo hurudisha kwa kuwashikia wachanga wao pembeni ya mashamba, na wamekubali kuwa hiyo nayo ni kazi. Binti yako ndiye anayeshika jembe lako. Matuta yake yanapinda, wanamtania kwamba baba yake akiyaona atafufuka ayanyooshe.

Lakini mbegu zilitosha nusu ya shamba tu, na tulipanda tumechelewa. Mahindi ni mafupi. Hatujui yatatufikisha wapi, Mzee, hatukufichi. Juzi mke wa fundi alikuja akakaa na mkeo kwenye mkeka, akasema kwa sauti ndogo kuwa kwao pia ghala linakaribia sakafu, na alikuwa anaona haya kusema. Wakapanga kupika chungu kimoja, leo huku, kesho kule. Wakaogopa pamoja, ikawa nafuu.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako na mumewe, wajukuu zako, na wenzako wote wa ujima.

Hutatutoka moyoni, siku zote.