Jibini la Mkwe

Jumamosi, 11 Oktoba

Jonas, mchumba wa Natasha, kaja kutoka Walthamstow, ng'ambo ya mji. Saa mbaya — mume wangu Samson yuko shifti uwanja wa ndege, Heathrow. Mtoto wa watu kasimama mlangoni na chupa sita za bia na kifurushi. Jibini la kwao Ujerumani, Limburger. Eti babu yake hanywi bia bila hilo. Anataka kumwoa binti yetu, na baba mtu tangu Pasaka hajamwambia zaidi ya "Habari." Kaacha vitu, kaondoka kinyonge. Nimeweka kwenye friji.

Jumapili, 12 Oktoba

Mungu wangu, harufu! Nikadhani dagaa wameoza, nikawatupa — wazima kabisa. Kumbe jibini. Linanuka kama soksi zilizolowa mvua. Nimelifunga mifuko mitatu. Samson kaliangalia, kaangalia bia, kafunga friji.

Jumatano, 15 Oktoba

Maziwa yananuka. Siagi inanuka. Natasha kapiga simu: Has Dad opened it? Eti baba kafungua zawadi? Nikasema bado. Akasema Jonas anaona amekataliwa. Nimeumia. Kijana ana adabu, hata viatu anavua bila kuambiwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Yamenifika shingoni. Nimebeba jibini kwenda pipani, Samson kanizuia koridoni na taulo kiunoni. "Mama Natasha, rudisha." Nikamwambia kama humtaki kijana sema, tusiteswe na harufu. Kashangaa. Nani kasema hamtaki? Bia ya posa haiguswi mpaka aliyeileta aonje kwanza. Ndivyo alivyofanya baba yake kule Marangu, ndivyo atakavyofanya yeye hapa Hounslow. Jibini limekuja na bia, basi nalo linasubiri.

Wiki nzima anamngoja aje kuonja, na hajamwambia mtu! Wanaume hawa. Lakini bia ya posa — kaitamka mwenyewe, basi kakubali. Nimempigia Natasha huku nacheka, huku nalia.

Jumapili, 19 Oktoba

Wako sebuleni. Dirisha wazi, baridi inaingia, hakuna anayethubutu kulifunga. Jonas kakata jibini, kaliweka juu ya mkate mweusi na kitunguu, kala, kashushia na bia. Kisha kampa Samson chupa ileile, kwa mikono miwili. Natasha kamfundisha. Samson kapokea. Kanywa.

Sasa anakitazama kipande chake cha jibini. Kaniagiza pilipili. Niko jikoni, naandika haraka. Namsikia anamuuliza Jonas: hivi hili, harusini nalo mtalileta?

Harusini, kasema Samson mwenyewe. Ngoja niwahishe pilipili kabla hajala —