Baba Mkwe Hatavua Shati Mbele Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako katika jambo ambalo siwezi kumweleza jirani wala mchungaji bila kuona haya. Mume wangu Mogaka anafanya kazi Mombasa, nami nimebaki hapa Nyaramba na baba yake, Mzee Anyona, ambaye ni mjane, na sina lalamiko lolote juu yake, kwa maana tunaishi kwa amani, chai tunachuma, ndizi zipo, na siku ya Sabato tunakwenda kanisani, yeye mbele, mimi nyuma. Mwaka jana jicho lake moja lilififia, likapona kwa dawa, sasa miguu inakufa ganzi, na daktari wa Kisii anasema ubongo wake una uvimbe. Walipima damu, haikutoa jibu kamili, kwa hiyo wanataka kutoa maji kidogo katika uti wa mgongo, kwani hayo ndiyo yatakayoonyesha kama kinga ya mwili inaushambulia ubongo wenyewe au kama kuna viini, mathalani vya kifua kikuu, na dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa pili. Basi muuguzi mmoja mwenyeji wa upande wa ziwa, asiyejua mila zetu za Kigusii, Adhis, aliponisikia nikimwita mzee "Tata", yaani baba, alisema, "Vizuri, wewe binti yake utamshika avue shati, ajikunje, asitikisike," nami nikanyamaza, kwa sababu, mshauri, nilifurahi kuitwa binti yake.

Mzee alikataa. Daktari alidhani anaogopa sindano, akamsihi sana, naye akajibu, "Daktari, mimi na ndugu yangu Ombati tumepasua mawe kwenye machimbo ya Tabaka tangu ujana, naye bado yuko huko. Sindano itanifanya nini?" Tulipofika nyumbani aliniita mke wa Mogaka kwa lugha yetu, akaniambia huku akitazama migomba, "Moka Mogaka, wewe unapika vizuri. Lakini mgongo wangu hutauona." Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya baba mkwe na mke wa mwana, na kwetu haivunjwi. Tumepewa nafasi nyingine wiki ijayo, naye anasema haendi. Je, nimshurutishe, au nitazame tu miguu ikifa?

Damaris, Nyaramba

Damaris, nakupongeza, maana nyumba yenu ina upendo. Sasa pokea karipio. Ulipaswa kusema, "Huyu ni baba mkwe wangu," ukanyamaza kwa kuwa jina la binti lilikuwa tamu. Adhis angejuaje? Na daktari sasa anatibu woga ambao mgonjwa hana.

Usimshurutishe mzee, wala usimwambie kwamba hospitalini hakuna haya. Ana haki ya kuilinda heshima yake, nawe una wajibu wa kumsaidia kuilinda. Lakini nafasi hiyo asiikose. Daktari akitoa dawa za kupunguza kinga ya mwili kwa kubahatisha, kifua kikuu kilichojificha chaweza kuamka. Maji yanayotolewa ni kidogo, na mwili huyatengeneza tena. Kama mna hofu ya maumivu ya kichwa au jambo jingine, mwulizeni daktari, msiwaulize watu wa sokoni.

Kesho nenda ukamwambie Adhis ukweli, kwamba wewe ni mke wa mwana. Omba muuguzi mwanamume amshike mzee. Hutakuwa wa kwanza kuomba hivyo, na hakuna atakayekucheka. Kisha mwite Ombati. Ndugu kwa ndugu hawaoneani haya. Huyo anaweza kusimama kando ya kitanda na kumwambia, "Jikunje, mzee, mgongo wako si mzuri kiasi cha kufichwa hivyo," na Anyona atacheka. Tena si wewe utakayemwambia mzee kwamba mambo yamepangwa. Mwachie Ombati aje na kusema, "Twende." Wewe utaketi nje ya mlango na chupa ya uji, na ukiitwa baada ya mzee kufunikwa, ingia umnyweshe. Huko ndiko kumtunza, hata kama Adhis hatakuita binti tena.

Mpigie Ombati simu kabla hujasonga ugali wa leo.