Nani Atamwigiza Baba

Douz, 9 Novemba 1997

Mdogo wangu Lazhar,

Salamu kwanza. Mimi mzima, goti tu linanigomea nikipanda ngazi za jukwaa. Wewe na kifua chako mnaelewana na baridi ya Lyon? Tende tumeshavuna, nimekutengea zile laini unazopenda.

Sasa neno langu. Mjukuu wa Mama Mabrouka wa mlango wa pili alirudi likizo na gazeti lenye picha yako. Umepiga magoti, nywele hewani, unacheza ngoma yetu ya nywele. Wanakuuliza umejifunza wapi, unajibu, "Jangwa lilinifundisha." Lazhar, jangwa lilianza lini kuwa na shingo? Nilikufundisha mimi, una miaka tisa, umeletwa ukumbini kunilinda kwa sababu Baba hakutaka binti yake aende mazoezini bila mwanamume wa kumsindikiza. Mlinzi mwenyewe alikuwa akilala juu ya mapazia. Robo ya mwaka ulilala, robo tatu zilizobaki ukaniibia kila hatua.

Lakini siandiki kwa hilo. Nimeigiza, nimecheza ngoma mpaka goti likakataa, sasa naongoza. Nimetunga mchezo utakaoonyeshwa Machi 28 hapa nyumba ya utamaduni. Ni ile siku ya mwaka 1976, mwongozaji wa Tunis alipokuja nyumbani akatutaka sote wawili kwenye kundi lake. Baba akasema kijana aende, binti hana wa kumsindikiza. Nikasema, Lazhar si yupo? Wakakugeukia. Ukaangalia chai yako.

Nataka uje umwigize Baba. Sauti yake unayo wewe, na sioni mwingine. Nimekutumia kurasa zote.

Dada yako,
Saliha


Lyon, 21 Desemba 1997

Dada yangu Saliha,

Ramadhani iko mlangoni, Mungu akupe nguvu wewe na goti lako. Kifua changu kimetulia, namshukuru.

Umenikaba koo na bado nimecheka. Kuhusu gazeti: ningesema dada yangu ndiye aliyenifundisha, swali la pili lingekuwa, "Yeye yuko wapi?" Ningejibu nini? Jangwa haliulizwi liko wapi.

Mchezo nimeusoma. Baba umemwandika vizuri kuliko alivyokuwa. Nakuja. Nitafika Machi 10 tupate mazoezi ya kutosha, na usimpe mtu mwingine nafasi hiyo, tutagombana. Joho lake la sufu bado lipo?

Mdogo wako,
Lazhar


Douz, 3 Februari 1998

Mdogo wangu,

Sikukuu njema, ingawa imeshapita. Unakula vizuri huko? Mimi sikukuu nimeila na redio. Nyumba ina vyumba vinne, natumia kimoja na nusu. Chako nimekifagia, godoro nimelitoa juani.

Joho lipo. Mongi, yule mwoka mikate, alikuwa ameshajifunza nusu ya maneno ya Baba. Nikamwambia mdogo wangu anakuja, nafasi imechukuliwa. Akanijibu taratibu, "Sawa, dada. Lakini mkate ukiutoa tanurini mbichi, usije kunirudishia." Hajakanyaga mazoezini tangu siku hiyo.

Kwa hiyo Nawres, binti anayeniigiza mimi, anafanya mazoezi na kiti. Kiti nimekivisha joho. Kila Alhamisi na Jumapili anakipigia magoti anakiomba ruhusa, nacho kinamkatalia vizuri kuliko waigizaji kadhaa niliowahi kuwaongoza.

Niandikie basi lako litafika saa ngapi.

Dada yako,
Saliha


Lyon, 14 Machi 1998

Dada yangu,

Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, uchovu tu.

Machi 10 imepita, najua. Imetokea kazi Brussels, wiki tatu, siwezi kuikataa. Wewe hujawahi kukosa njia, utapata mtu. Mwakani nitakuja, Mungu akipenda.

Na kuna maneno siwezi kuyasema kwa sauti ya Baba mbele ya watu, huku wewe umesimama pembeni unanihesabia kila neno.

Mdogo wako,
Lazhar


Douz, 29 Machi 1998

Mdogo wangu Lazhar,

Mimi mzima. Wewe je, mzima?

Barua yako ilifika Alhamisi, mchezo ni Jumamosi. Nilimwendea Mongi, akaniuliza habari ya mkate. Niliwaendea wengine watatu; mmoja alikuwa na msiba, wawili walikuwa na woga. Nikavaa joho mwenyewe, nikafunga kilemba, nikajichora ndevu kwa wanja, nikashusha sauti.

Viti mia mbili, watu mia na themanini, mchana kweupe. Nilichoogopa zaidi ni kicheko, na hakuna aliyecheka. Nawres akapiga magoti akaomba kwenda Tunis. Nikakunja uso nikamuuliza, "Nani atakusindikiza?" Hapo yeye hulia na kutoka. Lakini safu ya pili Mama Mabrouka akasimama na fimbo yake.

"Belgacem," akaniita kwa jina la Baba, "mwache mtoto aende. Nitamsindikiza mimi."

Maneno ya Baba nimeyaandika mimi, Lazhar, kurasa ishirini za kukataa. Nilitafuta humo sentensi moja ya kumjibu yule bibi, sikuipata.

Nikasema, "Basi aende."

Mchezo ukafia hapo. Nawres akaninong'oneza afanye nini sasa, maana zimebaki kurasa nyingi za kulia. Nikamwambia acheze. Akafungua nywele, wanawake wakapiga vigelegele, na kazi ya saa moja na nusu ikaisha kwa dakika arobaini.

Watu walipokuwa wanatoka nilimuuliza Mama Mabrouka kwa nini hakuyasema zamani, na ukuta wetu unapitisha kila neno. Akanipangusa wanja wa ndevu kwa kidole.

"Siku ile nilimwogopa baba yako," akasema. "Leo nilijua ni wewe."

Usijisumbue na mwakani. Mchezo huu haurudiwi. Douz nzima inajua jibu.

Nilipanga viti, nikafagia ukumbi, nikafika nyumbani jua bado lipo. Nikapasha supu. Nikatamani kumsimulia mtu aliyekuwa chumbani siku ile ya 1976. Nikawahesabu walio hai, nikakupata wewe peke yako. Ndiyo sababu nimeandika, usitafute nyingine.

Dada yako,
Saliha